Gia kabla ya nguvu: Kuifufua Datsun 240Z nyumbani Vitengeni

MSAFIRI atokaye mjini Kilifi, akapita Ganze na kuendelea hadi Vitengeni, huiacha Pwani ya watalii kidogo kidogo. Minazi hupungua, mibuyu huongezeka, upepo wa bahari hukatika, na vumbi huanza kuingia garini kupitia kila tundu. Upande wa mashariki, msitu wa Arabuko-Sokoke umesimama baina yake na Watamu.

Tuseme katika boma moja la huku, chini ya mwarobaini, limeegeshwa gari la spoti aina ya Datsun 240Z la mwaka 1971. Mwenyewe alilinunua enzi za ujana wake akifanya kazi Mombasa, akalileta nyumbani alipostaafu, na sasa ni mzee. Matairi yamekwisha upepo, kuku hutagia chini ya usukani, na lilipowashwa mara ya mwisho lilitoa moshi wa buluu uliowafukuza mbuzi. Watoto wake wamekaa kikao. Mmoja ataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa pili asema injini ing'olewe, iwekwe ya mtumba kutoka kwa pikapu, gari lipate kutembea. Wa tatu, mwenye spana na ukaidi, ashikilia kwamba injini ile ile inaweza kujengwa upya pale pale nyumbani.

Makala haya yanamuunga mkono huyo wa tatu, ila kwa masharti mawili: apime kabla ya kununua chochote, na afikirie gia kabla ya kufikiria nguvu.

Jambo la kueleweka mapema ni kwamba uamuzi wa kikao hicho ukishatekelezwa, haurudi nyuma. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo gari la 1971 likishapondwapondwa, hakuna jingine litakaloletwa kwa urahisi kuziba pengo lake. Kung'oa injini ya asili nako kuna gharama. Nambari ya injini imeandikwa katika kitabu cha umiliki, na mwenye gari hulazimika kuomba mabadiliko yasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA). Isitoshe, wakusanyaji wa magari ya kale hulithamini zaidi gari lililobaki na injini iliyotoka nayo kiwandani. Injini iliyojengwa upya hubaki na bloku yake, na nambari imechongwa kwenye bloku.

Gari lililokwisha zoea vumbi

Hakuna ajabu gari la namna hii kupatikana katika nchi hii. Mnamo 1971, Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari Rally wakiwa ndani ya Datsun 240Z. Gari lililomaliza la pili lilikuwa 240Z jingine, la Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta alirudi, safari hiyo akiandamana na Lofty Drews, akamaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun 1800 SSS. Ushindi ulimwendea Mehta kwa kanuni ya kuvunja sare.

Hata hivyo, mfano unaomfaa zaidi kijana wetu ni wa miaka sita kabla ya ushindi wa Herrmann. Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, pamoja na nduguye Jaswant, walinunua Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Lilikuwa gari lililochoka. Ndugu hao walilitengeneza wao wenyewe, wakaondoka wa kwanza mstarini, na wakashinda Safari ya 1965 kwa tofauti ya saa 1 na dakika 40. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, lakini ule ushindi wa gari la mtumba ndio ambao mafundi wengi wa rika lake hawakuusahau.

Magari hayo ya Datsun yaliyoshindana hayakuwa na gia zile zile za gari lililouzwa Marekani kwa ajili ya barabara kuu za lami. Tutarudi hapo, kwa maana ndiko kwenye kiini cha jambo hili.

Kupima kabla ya kufungua

Injini ya 240Z huitwa L24. Ina silinda 6 katika mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu na kifuniko cha juu cha alumini, ambacho mafundi hukiita hedi. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, hivyo ujazo wote ni sentimita za ujazo 2,393. Kabureta ni mbili. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Kila kilichomo kinaweza kushikwa mkononi na kupimwa. Kwa sababu hiyo injini kama hii hujengeka chini ya mwarobaini, ilhali ya gari la jana ingehitaji mashine ya kuisoma kwanza.

Gari lililolala miaka mingi karibu na bahari lisisukumwe kuwaka. Hewa yenye chumvi huenda imezigandisha ringi za pistoni. Toa plagi zote, mimina oili kidogo katika kila silinda, uache usiku kadhaa, kisha izungushe injini polepole kwa mkono ukitumia spana kubwa mbele ya kranki. Ikikataa, usilazimishe.

Ikizunguka, pima mgandamizo. L24 nzima husoma takriban kilo 12 kwa kila sentimita ya mraba, ambazo kwenye geji nyingi za hapa ni kama 170. Tarakimu yenyewe si muhimu kama tofauti iliyopo baina ya silinda na silinda: iliyo dhaifu isipungue asilimia 80 ya ile iliyo bora. Baada ya hapo, mimina kijiko cha oili katika silinda dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi na ukuta wa silinda ndio waliochakaa, kwa kuwa oili imeziba pengo kwa muda. Kikibaki pale pale, kosa liko kwenye vali. Jaribio hili halichukui hata nusu saa, na ndilo linaloamua kama utafungua hedi peke yake au injini nzima. Nimeona watu wakinunua pistoni sita mpya kwa sababu ya vali moja iliyoungua.

Kuitoa injini garini ni kazi ya watu watatu na mnyororo wa kuinulia. Tawi la mwembe halifai, hata kama lilihimili bembea ya watoto. Tengeneza mhimili wa miguu mitatu wa mabomba ya chuma. Na mtu asilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali. Tofali la hapa hupasuka bila kutoa onyo.

Kabla ya kuigusa hedi kuna kipande cha mbao. Ndani ya injini hii mnyororo wa taimingi hukazwa na kidude chenye springi kilicho chini kabisa, na mnyororo ukilegezwa juu bila kuzuiwa, kidude hicho huchomoka na kudondoka ndani. Dawa yake ni kabari ya mbao ngumu, ndefu na nyembamba, iliyofungwa kamba, inayoshindiliwa katikati ya mnyororo kabla ya kutoa gia ya kamshafti.

Niliwahi kuifungua hedi ya aina hii bila kabari. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku nne, kwa maana kifuniko chote cha mbele kilibidi kitolewe. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akinitazama hakucheka. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, mbao zimekwisha?" Nikamjibu, "Zipo, baba." Akaondoka kwenda kunywa chai.

Unene wa unywele

Vipande vikishatolewa na kuoshwa, kila kimoja huwekewa alama ya silinda yake. Vifuniko vya konrodi havibadilishani hata kidogo. Kila kimoja kilichongwa pamoja na mwenzake. Halafu hapo kijana aazime maikromita, hata kama ni kuifuata mpaka Malindi.

Silinda haichakai sawasawa. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndiyo huliwa zaidi, kwa sababu pana joto kali na oili ni haba. Kwa hiyo kila silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili: kwa mbele na nyuma ya gari, kisha kwa upana wake. Uchakavu ukifikia milimita 0.20, ringi mpya peke yake hazitasaidia kitu. Zitaziba vyema chini na kuachia juu, na baada ya miezi michache moshi wa buluu utarudi.

Nafasi inayotakiwa baina ya pistoni na ukuta wa silinda ni milimita 0.025 hadi 0.045. Unywele wa mtu mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Haiwezekani kuikadiria kwa jicho, wala kwa kusikiliza, wala kwa uzoefu wa miaka thelathini.

Ikiwa silinda zimepita kikomo, hii ndiyo sehemu ambayo haifanyiki nyumbani. Bloku hufungwa katika gunia safi na kupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kupanua silinda, na kwa mtu wa Vitengeni hiyo ni safari ya Mombasa. Lakini bloku isitangulie. Nunua pistoni kwanza, kisha fundi wa mashine azipime hizo pistoni na azipanue silinda kuzifuata. Pistoni zilizozidi kwa milimita 1 zitahitaji silinda za milimita 84, na ujazo utaongezeka hadi karibu sentimita za ujazo 2,450. Nyongeza ya kama 58 haitamshangaza dereva. Faida yake ni ukuta mpya ulio mviringo kamili.

Kranki nayo hupimwa katika kila shingo. Iliyochakaa hukerezwa kwa milimita 0.25 au 0.50 na kuvishwa beringi nene kwa kiasi hicho hicho. Usiondoke karakanani bila kuandikiwa kwa karatasi shingo zimekerezwa kiasi gani, wala usifungue kranki uliyoandikiwa 0.25 ukaivisha beringi za 0.50 kwa kuwa zilikuwa zimebaki dukani. Hedi huwekewa rula iliyonyooka; ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.1 husawazishwa. Papo hapo viti vya vali vikaguliwe. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na ile risasi ilikuwa ikivilinda viti laini vya magari ya zamani. Vilivyo laini vibadilishwe vya chuma kigumu wakati hedi ingali mezani.

Vumbi ndilo adui

Mchanga mweupe wa fuo za Watamu hutokana kwa sehemu kubwa na matumbawe, ambayo ni laini. Bara ya Kilifi hali ni nyingine. Miamba ya chini ni ya mchanga ulioshikamana tangu enzi na enzi, na ikimomonyoka hutoa chembe za kwatzi. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe moja ikikaa baina ya ringi na ukuta itachora mstari kila pistoni inapopanda na kushuka, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika pistoni hupanda mara 50 kila sekunde.

Kwa ajili hiyo, mwarobaini ulitufaa wakati wa kufungua, ila wakati wa kufunga hautufai. Kazi ihamie ndani ya nyumba. Paa la makuti lina baridi nzuri lakini hudondosha unga wa wadudu. Chumba cha mabati ni bora, kikitandikwa leso kuukuu dirishani na kunyunyizwa maji sakafuni badala ya kufagiwa. Anza alfajiri kabla upepo haujaamka. Silinda zilizotoka karakanani zina unga wa mawe ya kung'arishia ndani ya mikwaruzo yake myembamba, na petroli haiutoi. Huoshwa kwa maji moto, sabuni na brashi, zikapanguswa kwa kitambaa cheupe chenye oili, tena na tena, hadi kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Mara ya kwanza utadhani zimeshakuwa safi. Bado.

Baada ya hapo kufunga si kugumu, ni kwa taratibu tu. Kila kifuniko cha kranki kikishakazwa, kranki izungushwe kwa mkono. Ikikwama unajua ni kifuniko kipi. Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana inayoonyesha nguvu ya kukaza. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Nafasi ya vali, injini ikiwa moto, ni milimita 0.25 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa.

Hesabu ya gia

Sasa tufike pale ambapo wengi hupotea. Kijana aliyemaliza injini huanza kuota kabureta kubwa zaidi na kamshafti kali zaidi. L24 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151, na kwa barabara ya Vitengeni hizo zimezidi mahitaji. Asichokuwa nacho ni njia ya kuzifikisha chini kwa mwendo wa pole.

Gari lililouzwa Marekani lilikuwa na giaboksi ya gia 4. Uwiano wake ni 3.549 kwa gia ya kwanza, 2.197 kwa ya pili, 1.420 kwa ya tatu, na 1 kwa 1 kwa ya nne. Nyuma, difu ilikuwa na uwiano wa 3.364: krauni yenye meno 37 ikizungushwa na pinioni yenye meno 11. Ukizidisha gia ya kwanza kwa difu unapata 11.94. Maana yake, injini huzunguka karibu mara 12 ili gurudumu lizunguke mara 1.

Tairi la awali lina mzingo wa takriban mita 2, tarakimu inayorahisisha hesabu. Katika gia ya kwanza, injini ikiwa mizunguko 1,000, gari huenda kilomita 10 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia. Kwenye korongo lenye mawe dereva anataka mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo hukanyaga klachi nusu, na klachi huungua. Wengi hulaumu klachi.

Ukiweka difu yenye uwiano wa 4.444, yaani meno 40 kwa 9, gia ya kwanza huwa 15.77, na kwa mizunguko ile ile 1,000 gari huenda kilomita 7.6 kwa saa. Nguvu ya kusokota inayofika magurudumuni huongezeka kwa asilimia 32 bila kuigusa injini. Hakuna kamshafti itakayokupa kiasi hicho kwa mwendo huo. Gia ya pili nayo hufaidika: kwa kilomita 40 kwa saa, ambao ndio mwendo wa kweli wa barabara ya udongo, injini hupanda kutoka mizunguko 2,460 hadi 3,250, ikisogelea ile 4,400 ambapo L24 husokota kwa nguvu zake zote.

Cha kulipia ni barabara kuu. Kwa kilomita 100 kwa saa kati ya Malindi na Mombasa, gari la difu ya 3.364 katika gia ya nne huzunguka kama mara 2,800 kwa dakika. La 4.444 huzunguka mara 3,700, na mazungumzo garini hugeuka kuwa kelele. Mwendo wa juu kabisa kwa mizunguko 6,000 hushuka kutoka kilomita 214 kwa saa hadi 162. Sijaona barabara katika kaunti hii ambapo hasara hiyo ya pili ina maana yoyote. Ya kwanza ina maana.

Hapo ndipo giaboksi ya gia 5 huingia. Masoko mengine yaliuziwa 240Z yenye gia 5 na difu ya 3.900, na wengi huzinunua zote mbili pamoja wakidhani wamepata gari la milima. Wapige hesabu. Gia ya kwanza ya giaboksi hiyo ni 2.957, na ukiizidisha kwa 3.900 unapata 11.53, pungufu ya ile 11.94 ya awali. Gari litapanda kilima kwa tabu zaidi kidogo kuliko kabla ya kutumia pesa. Gia ya tano ni 0.852, ambayo kwa 3.900 hutoa 3.32, karibu sawa kabisa na gia ya nne ya zamani.

Kwa maoni yangu, anayekaa Vitengeni na kwenda Mombasa mara moja kwa mwezi aunganishe giaboksi ya gia 5 na difu ya 4.444. Gia ya kwanza huwa 13.14, nzito kwa asilimia 10 kuliko ya awali, na gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa huzungusha injini kama mara 3,150 tu. Asiyetoka Ganze abaki na gia 4 na difu ya 4.444, aokoe bei ya giaboksi.

Giaboksi yenyewe hufunguka mezani. Beringi na sili hubadilishwa bila majadiliano. Ringi za shaba za kulinganisha mwendo, ambazo huchakaa hadi gia ikawa inasaga unapoingiza ya pili, hubanwa kwa vidole dhidi ya gia yake na kupimwa pengo linalobaki. Lisipobaki pengo, ringi imekwisha. Piga picha kila hatua. Mipira midogo ya chuma na springi zake huruka, na kuku hawakawii.

Difu ni habari nyingine, na hapa namwomba kijana aweke ukaidi kando. Krauni na pinioni huuzwa kama jozi na haziachanishwi. Kina cha pinioni huwekwa kwa vibati vyembamba, mkazo wa beringi una kipimo chake, na mchezo baina ya meno katika difu za ukubwa huu ni kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ukikosea kidogo difu hulia. Ukikosea zaidi hujila yenyewe. Aidha, pinioni ya meno 9 ni nyembamba kuliko ya meno 11, kwa hiyo haivumilii makosa wala kuanza kwa fujo. Lililo salama ni kutafuta difu kamili iliyokwisha kupangwa, kutoka kwa gari la jamii hiyo, na kuifunga kama ilivyo. Difu kama hizo huagizwa Japani au Uingereza, na wengine hubahatika Sharjah, ambako biashara ya vipuri vya mtumba ni kubwa. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji azungushe shafti na ahesabu: mzunguko mmoja wa krauni lazima uzungushe pinioni mara nne na kitu karibu nusu. Ikizunguka mara tatu na theluthi, umeuziwa difu ile ile uliyonayo.

Kuwasha

Siku ya kuwasha, oili izungushwe kwanza kwa starta, plagi zikiwa nje, hadi geji ya oili ipande. Ikishawaka, isiachwe ikinguruma pole. Ishikiliwe karibu mizunguko 2,000 kwa muda wa kama dakika 20, kwa kuwa kamshafti mpya hupata oili chache mno kwa mwendo wa chini na mabonde yake huweza kuliwa siku hiyo hiyo. Moshi kidogo mwanzoni ni oili ya kufungia inayoungua. Oili hiyo ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 500, katika mtungi na si karibu na kisima, na kichujio cha hewa kifunguliwe kila wiki wakati wa kiangazi. Hewa yoyote inayoingia bila kupitia kichujio, hata kwa ufa wa gasketi moja ya kabureta, inaingia na mchanga.

Linabaki jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mshale wa mwendo huendeshwa na kigia kidogo kilicho nyuma ya giaboksi, na kigia hicho kilihesabiwa kwa ajili ya difu ya 3.364. Difu ya 4.444 huifanya shafti izunguke zaidi kwa asilimia 32, na mshale haujui. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mjini, mshale utaonyesha 66, na kilomita za safari zitahesabika kupita kiasi vivyo hivyo. Kigia chenye meno mengi zaidi hurekebisha sehemu kubwa ya kosa hilo. Hadi kipatikane, mzee akitoka nalo kwenda Kilifi, atie alama ya rangi kwenye kioo cha geji, pale penye 66.